MAMBO YA SHAMBA: Bei ya Nguruwe Hukatwa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Busia, mwezi wa Januari una nguruwe wake. Watoto warudi shuleni, karo yadaiwa, na mnyama aliyekuwa amefungwa chini ya mwembe tangu msimu wa kupanda sasa atazamwa kwa macho mengine. Siku hizo mnunuzi hana haja ya kuzunguka vijijini akiuliza nani ana nguruwe. Yeye hukaa penye duka akinywa chai yake, na habari zamjia zenyewe. Tena zamjia nyingi kwa wakati mmoja, jambo ambalo yeye alijua tangu zamani, nasi tungali tunalistaajabia kila mwaka.

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya mnyama huyu, kwa maana wakulima wengi wamfuga na wachache humtaja. Ng'ombe huhesabiwa katika mahari na katika maneno ya wazee. Mbuzi huchinjiwa mgeni. Nguruwe hana sifa hiyo. Jirani zetu Waislamu hawamgusi, na vivyo hivyo ndugu zetu Wasabato, na ni haki yao kutokusumbuliwa na harufu ya banda letu wala na pua ya mnyama wetu mashambani mwao. Walakini katika nchi ya Marachi, Samia, Nambale na Teso, nguruwe ndiye anayelipa madeni ambayo ng'ombe hauzwi kwa ajili yake: karo ya muhula, dawa za mtoto, sanda na chakula cha matanga, mbegu na mbolea. Na aghalabu aliye karibu naye, anayempelekea majani ya viazi asubuhi na kumhamisha kivulini jua likipanda, ni mama wa nyumba. Fedha za ng'ombe hupitia mkononi mwa mwenye boma. Fedha za nguruwe mara nyingi hushikwa na mama kwanza, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kutaka zisipotee njiani.

Nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwezi wa Januari mwaka 2014 nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu, au senge kama tunavyosema kwetu, mjane mwenye shamba la ekari mbili hivi. Alikuwa na nguruwe dume aliyehasiwa, mweusi mwenye mabaka, mwenye umri wa miezi kumi. Mnunuzi alikuja na pikipiki. Hakuwa na mzani. Alimzunguka nguruwe mara mbili, akamgusa mgongoni kwa kiatu, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu hafiki hata kilo ishirini," alisema.

"Mwanangu, mtazame vizuri. Nimemlisha mwaka mzima."

"Nimemtazama, mama. Ni mifupa. Nitakupa elfu moja mia tano kwa sababu nakuheshimu."

Wakavutana hata wakafika shilingi 2,000. Shangazi alizikubali kwa kuwa mtoto wake alikuwa ameketi mlangoni amevaa sare, na sanduku lake limefungwa tayari. Mimi nilikuwa na safari ya kwenda sokoni, nikafuatana na yule mnunuzi mpaka machinjioni. Baada ya kuchinjwa na kusafishwa, bila kichwa na matumbo, nyama ile ilitundikwa kwenye mzani wa mwenye bucha. Ilikuwa kilo 22. Yaani nyama peke yake ilizidi uzito ambao yule bwana alisema mnyama mzima hakuufikia. Siku ile nyama iliuzwa shilingi 200 kwa kilo. Basi ilikuwa nyama ya shilingi 4,400.

Nilimkabili, nikamwambia alilolifanya si haki. Hakukasirika. Aliniambia maneno ambayo nimeyafikiri sana tangu siku hiyo. Alisema kwamba analipa mafuta ya pikipiki, analipa ada ya ukaguzi, anamlipa mchinjaji, na kwamba mwezi uliotangulia wanyama wawili aliowanunua walipopasuliwa walikutwa na vidonge vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, mkaguzi akavitupa vyote shimoni. "Mzee, hasara ile nailipaje? Naigawa kwa kila nguruwe ninayemnunua. Wa shangazi yako pia."

Sikumpa haki yote, kwa sababu kilo alizozificha hazikuwa na vidonge vyovyote. Lakini aliniamsha. Niliona kwamba shangazi yangu alipoteza fedha kwa njia mbili, na zote mbili zilianza nyumbani kwake, miezi mingi kabla pikipiki haijasikika. Kwanza hakujua uzito wa mali yake. Pili alilipa kodi ya ugonjwa ambao pengine nguruwe wake hakuwa nao.

Tuanze na uzito, maana dawa yake ni rahisi, haizidi bei ya utepe wa fundi cherahani. Asubuhi, kabla mnyama hajala, mtu mmoja amtulize kwa pumba kidogo na mwingine apime. Zungusha utepe kifuani, nyuma kabisa ya miguu ya mbele, uandike sentimita. Kisha pima urefu juu ya mgongo, kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, wakati ameinamisha kichwa kwa kawaida. Zidisha mzunguko wa kifua kwa mzunguko huo huo, zidisha tena kwa urefu, halafu gawa kwa 14,400. Utakachopata ni kilo za mnyama akiwa hai. Kwa mfano, kifua sentimita 78 na urefu sentimita 78: 78 mara 78 ni 6,084, mara 78 tena ni 474,552, gawa kwa 14,400, nawe utapata karibu kilo 33. Nyama hutoka kama sehemu mbili katika tatu za uzito huo, ndiyo kilo 22. Makarani wanaosoma gazeti hili wataifanya hesabu hiyo kabla ya chai kupoa. Basi na waifanye kwa ajili ya mama zao na jirani zao.

Kanuni hiyo ilifanywa kwa nguruwe wa kizungu wenye miili mipana, na kwa mnyama wa kienyeji aliye mwembamba yaweza kukosea kwa kilo chache. Hata hivyo, kukosea kwa kilo tatu ni jambo moja, na kukosea kwa kilo kumi na tatu kwa faida ya mtu mwingine ni jambo jingine. Tena usiupime mnyama siku ya kuuza tu. Pima kila mwisho wa mwezi, uandike nyuma ya mlango au katika daftari la mtoto. Wataalamu waliopima nguruwe wa wakulima wadogo wa Busia na Kakamega waliona kwamba wengi huongeza kiasi cha gramu 100 hadi 150 tu kwa siku. Hizo ni kilo tatu au nne kwa mwezi. Nguruwe wa kizungu alishwaye vema hupata zaidi ya gramu 600 kwa siku. Mkulima akiyaona maandishi yake mwenyewe mlangoni, ya kwamba mwezi mzima mnyama ameongeza kilo mbili, hatahitaji mtu kumwambia kwamba kuna upungufu wa chakula au kuna minyoo tumboni.

Sasa tuje kwenye vile vidonge vyeupe. Hapa naomba msomaji asiyefuga nguruwe asiligeuze gazeti, kwa kuwa habari hii inamhusu pia.

Vidonge hivyo ni watoto wa tegu, mnyoo mrefu bapa ambaye akiisha kukua hukaa katika utumbo wa binadamu. Mtu mwenye tegu hutoa mayai yake katika choo kikubwa. Kama mtu huyo hujisaidia kichakani, au katika choo kisicho na mlango, nguruwe anayezurura huyala mayai hayo pamoja na kinyesi. Ndani ya nguruwe mayai huanguliwa, na watoto wa mnyoo husafiri katika damu hata wakakaa katika nyama, kila mmoja katika kifuko chake. Mtu akiila nyama hiyo bila kuiva, tegu mpya hukua tumboni mwake, na mzunguko waanza upya. Ikiwa jambo lingeishia hapo, lingekuwa la aibu tu. Haliishii hapo. Mtu mwenye tegu asiyenawa mikono aweza kuyaingiza mayai katika chakula cha nyumba yake, na mayai yakimezwa na binadamu, watoto wa mnyoo hufanya vifuko vile vile ndani ya mwili wake, hata katika ubongo. Ndipo mtu huanguka kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mahali ugonjwa huu ulipoenea, kiasi cha asilimia 30 ya watu wenye kifafa huenda walikipata kwa njia hii. Basi mtoto aangukaye darasani, ambaye watu wasema amerogwa, huenda hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake. Alikula mboga iliyoshikwa na mkono usionawa.

Wafugaji wengi hunijibu: nguruwe wangu hafiki mbali, huzunguka hapa hapa nyumbani. Nalo hilo limepimwa. Watafiti waliwafunga nguruwe kumi wa magharibi ya Kenya mikanda shingoni yenye chombo kinachopokea ishara za setelaiti na kuonyesha mahali mnyama alipo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Kwa kila saa 12, mchana au usiku, nguruwe walitembea kwa wastani wa mita 4,340, yaani zaidi ya kilomita nne. Karibu nusu ya wakati wao walikuwa nje ya boma la mwenyewe. Wakati mwenye mali amelala akiamini mali yake ipo, mali hiyo ilikuwa ikitembelea vyoo vya majirani.

Kwa sababu hiyo husema, na watu hucheka, kwamba choo cha shimo ni sehemu ya banda la nguruwe. Yule anayejenga banda zuri la mabati huku nyumba ya ndugu yake kando ya kijito haina choo, amejenga nusu. Naye asiyefuga, lakini hana choo, anawapunguzia bei wafugaji wote wa kijiji. Ni yeye aliyelipwa zile fedha zilizopunguzwa kwa shangazi yangu, ila hakuzitia mfukoni.

Wanunuzi wengi humlaza nguruwe chini, humpanua kinywa kwa kijiti, na kuupapasa ulimi kwa chini wakitafuta vidonge. Njia hiyo ni ya zamani na ina kweli ndani yake: vidonge vikipapaswa ulimini, mnyama huyo ameambukizwa sana. Lakini ulimi laini haumwondolei shaka, kwa maana mwenye vidonge vichache hupita mara nyingi bila kutambulikana. Kwa hiyo nyama na ipikwe hata isionekane wekundu ndani, ijapokuwa imepigwa muhuri wa mkaguzi. Wapenzi wa nyama ya kuchoma hawatanipenda kwa neno hili. Mkulima aliyeona vidonge asimfiche mnyama wala asimchinje nyumbani usiku. Amwite afisa wa mifugo. Ipo dawa iitwayo oxfendazole, ambayo hutolewa mara moja kwa kinywa, miligramu 30 kwa kila kilo ya mnyama, nayo huua vifuko vilivyomo katika nyama. Msomaji ataona kwamba hapa pia, asiyejua kilo hajui kipimo cha dawa. Baada ya kunyweshwa, mnyama asichinjwe mpaka muda ulioamriwa na daktari wa mifugo uishe. Na mtu anayeona vipande bapa vyeupe katika choo chake aende zahanati bila haya, maana tegu hutibiwa.

Kuna adui wa pili ambaye hana dawa. Huyu ni homa ya nguruwe ya Afrika. Nchi yetu imeandikwa katika vitabu vya dunia kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa kuwa ni hapa Kenya ulipoelezwa kwa mara ya kwanza, katika andiko la daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery lililochapishwa mwaka 1921. Yeye aliona nguruwe wa walowezi wakifa kwa wingi mahali walipokaribiana na ngiri wa porini. Ngiri hubeba virusi vya ugonjwa bila kuugua, na kupe laini wakaao katika mashimo yake huvipitisha. Ugonjwa ulifika Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007, na China mwezi wa Agosti 2018, ambako uliangamiza nguruwe wasiohesabika. Haumdhuru binadamu hata kidogo. Huumaliza tu mfuko wake.

Mnyama huacha kula, mwili wawaka moto, masikio na tumbo hugeuka wekundu au zambarau, mwenye mimba hutoa mimba, na baada ya siku chache wamekufa karibu wote. Katika vijiji vyetu hauletwi sana na ngiri. Huletwa na watu. Habari zikisikika kwamba nguruwe wanakufa ng'ambo ya mto, wenye nguruwe hukimbilia kuuza kabla hawajafiwa. Wanunuzi hupata wanyama wagonjwa kwa bei ya bure, huwachinja, na damu, maji ya kuoshea, mifupa na makombo ya nyama hueneza ugonjwa kila ilipofika nyama ile. Virusi hivyo hudumu muda mrefu sana katika nyama na damu. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye nguruwe watano, na karo mbele yake, kwamba asiuze. Sina maneno matamu ya kumpa. Namwambia tu kwamba kila aliyenunua ugonjwa wa mwenzake kwa shilingi 800 aliupeleka nyumbani kwa ndugu yake mwingine. Aliyefiwa azike mzoga katika shimo refu, autie chokaa kama anayo, atoe habari kwa ofisi ya mifugo, na asilete nguruwe mwingine katika banda lile mpaka ameambiwa limekuwa safi. Nchini Vietnam chanjo ziliruhusiwa kuuzwa mwaka 2023, lakini mkulima wa Busia asiweke tumaini lake huko. Kinga yake ni ukuta wa banda, na mlango wake, na desturi ya kutomruhusu mnunuzi aliyetoka machinjioni kuingia bandani na viatu vyake.

Nimelitaja banda mara nyingi, na sasa imenipasa kusema ukweli juu yake, kwa sababu kuna wanaolisifu kama kwamba ni jambo la misumari na mbao tu. Nguruwe anayezurura hujitafutia chakula. Nguruwe wa bandani hutafutiwa. Nimeona watu waliojenga banda kwa furaha baada ya semina, wakawafungia nguruwe sita, na baada ya miezi miwili wanyama walikuwa wembamba kuliko wale wa kamba, ndipo mlango ukafunguliwa na mambo yakarudi yalivyokuwa. Kosa halikuwa la banda. Kosa lilikuwa nguruwe sita.

Nguruwe wa kilo 30 ataka kilo moja na robo hadi moja na nusu ya chakula kikavu kwa siku ikiwa atakua vizuri, pamoja na maji safi wakati wote. Chakula cha dukani kwa mtu wa ekari mbili ni ghali mno, na mara nyingi humla mwenye nguruwe. Lakini nyumba zetu si tupu. Kuna majani ya viazi vitamu na viazi vidogo visivyouzika. Muhogo, ambao kama ni mchungu lazima ukatwe na kuanikwa au kupikwa kwanza, kwa maana una sumu. Pumba za mahindi. Machicha ya busaa. Vumbi la omena lililobaki chini ya gunia, ambalo ni chakula cha kujenga mwili kuliko vyote hivyo. Maembe na maparachichi yaliyoanguka. Makombo ya jikoni yachemshwe, wala yasiwe na nyama ya nguruwe ndani yake. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe mnyama kwa kuwa eti yeye hali ubao. Yatamdhuru kama yanavyomdhuru mtu.

Basi mwenye nyumba ahesabu chakula kabla ya kuhesabu nguruwe. Kama mabaki ya shamba hutosha wawili, afuge wawili. Ajiulize pia ni nani atakayeyateka maji. Jike anayenyonyesha aweza kunywa lita 20 au zaidi kwa siku, na mtungi huo wa lita 20 haujiinui wenyewe kutoka kisimani. Bwana mmoja aliniambia kwa fahari kwamba amemjengea mkewe banda. Nilimuuliza kama amemjengea pia mfereji wa kuvuna maji ya paa. Alinyamaza, lakini nilipopita tena mwaka uliofuata niliukuta mfereji upo.

Banda lenyewe si kazi kubwa. Nguruwe mmoja anayekua atosheka na meta moja ya mraba. Mama na watoto wake wataka meta mbili kwa tatu. Miti yetu ya mikaratusi yafaa kwa nguzo na sakafu, sakafu ikiinuliwa ili mkojo na kinyesi vianguke chini na kukusanywa kwa mbolea. Mbolea hiyo usiidharau. Paa liwe na kivuli kizuri, kwa maana nguruwe hatoi jasho kama mtu, na jua la saa nane laweza kumwua. Watoto wanaozaliwa bandani bila kugusa ardhi hupungukiwa na madini ya chuma, wakawa weupe na dhaifu. Wapewe sindano ya chuma, au kila siku wawekewe bonge la udongo safi uliochimbwa mahali ambapo nguruwe hawajapita.

Jambo moja jingine husahauliwa, nalo ni dume. Wafugaji wengi huhasi madume mapema, na ni vema kwa nyama. Walakini kijiji kizima chaweza kubaki na dume mmoja, au hakuna, na jike akipandwa na mwanawe mwenyewe, uzao hudhoofika: watoto wachache, wadogo, wasiokua. Majirani watano au sita waweza kununua dume mmoja mzuri kutoka mbali na kumtunza kwa zamu ya fedha, si kwa zamu ya kumhamisha, kwa sababu dume atembeaye nyumba kwa nyumba hubeba magonjwa kama mfuko wa posta. Jike aletwe kwake, akiwa mzima. Joto la jike hurudi kila siku 21 na hudumu siku mbili au tatu, na mimba huchukua siku 114, ambazo wazee wetu wa ufugaji huzikumbuka kama miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu.

Siku hizo 114 ndizo zinazoweza kumtoa mkulima katika mtego wa Januari. Jike akipandwa mwishoni mwa mwezi wa Septemba, atazaa katikati ya Januari, na watoto wakiachishwa maziwa baada ya majuma nane watauzwa katikati ya Machi, wakati wengi wanatafuta vitoto vya kufuga na si wengi wanaouza. Wale wa nyama, wauzwe mwezi wa Novemba au Desemba mwanzoni, kabla ya sikukuu, wakati mwenye bucha ndiye mwenye haraka. Majirani wakikubaliana kuuza siku moja, kila mmoja na daftari lake la kilo, mnunuzi hutumia mafuta ya safari moja kwa wanyama watano, na ile sababu yake ya pikipiki huwa imekwisha.

Shangazi yangu hajapata kununua utepe. Ana kamba ya katani yenye mafundo mawili yaliyotiwa wino: fundo la kwanza ni sentimita 70, la pili ni 80. Mwanawe, yule aliyekuwa ameketi mlangoni na sanduku, ndiye aliyemtengenezea. Mwezi wa Novemba uliopita mnunuzi mmoja kijana alifika, akamzunguka nguruwe, akaanza kusema, "Mama, huyu hafiki..." Shangazi hakujibu. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na kamba, akaizungusha kifuani mwa mnyama mpaka fundo la pili, kisha akaiacha ipo pale pale, akaenda zake kuteka maji ya kumpa mgeni.

Yule kijana aliitazama ile kamba muda mrefu, halafu akataja bei nyingine.